Mlima Si wa Asiye na Nauli

Wiki hii, tulipokuwa tumeketi barazani baada ya kumzika jirani yetu, mtu wa makamo ambaye moyo wake ulisimama alasiri ilhali asubuhi yake alikuwa dukani akipima mawese, nilitoa shauri ambalo kwangu lilikuwa jepesi: kwamba maadamu kiangazi kimeingia na njia za Mirwa zimekauka, sisi wanaume tuliokwisha kunenepa tuwe tukitoka baada ya sala ya alfajiri, tuupande mlima ulio nyuma ya mji wetu wa Rumonge hata pale michikichi inapokoma na mashamba ya mihogo yanapoanza, kisha tushuke. Akanijibu mzee mmoja, mtu ninayemstahi kwa elimu na ukarimu wake, akasema: "Mwanangu, mlima hupandwa na asiye na nauli." Waliokuwapo wakacheka, na kicheko kile hakijanitoka masikioni.

Najua kilikotoka. Ziwa letu liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na migongo ya Bururi inapita mita 2,000. Baina yake ni Mirwa, nchi ya miteremko mikali, na aghalabu wanaoikwea kila siku ni wale ambao maisha yamewanyima hiari. Simama alasiri ya siku ya soko mahali ambapo njia ya kuelekea Vyanda inaanza kuinuka, utamwona mama aliyeteremka na mihogo tangu giza, sasa anarudi na furushi la ndagala na chumvi kichwani, mtoto mgongoni, shingo imesimama wima bila ya kutikisika, mguu anauweka kwa ubavu ili usiteleze juu ya changarawe, na pumzi anaitoa kwa mdomo kwa kipimo kile kile mpaka anapopotea nyuma ya migomba. Aliyelelewa akiona haya hudhani kwamba kuketi ndiko kutukuka. Na ndiyo maana mwenye duka, hata katika miaka hii ambayo petroli imekuwa adimu nchini, hutafuta pikipiki ya kumfikisha msikitini, mwendo usiotimia nusu kilomita.

Lakini mwili haujui hadhi. Mwaka 1953 tabibu Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi walioufanya juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakabainisha kwamba madereva, waliokuwa wakiketi kutwa, walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo zaidi ya makondakta, ambao kazi yao ilikuwa kupanda na kushuka ngazi wakikata tiketi katika basi lile lile. Na kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1956, Hugh Trowell wa Uganda pamoja na mwenzake waliandika habari za Mwafrika mmoja aliyeugua maradhi hayo, wakaziandika kama jambo nadra linalostahili kutangazwa kwa matabibu. Leo ni nani katika mwambao huu wa Tanganyika asiyemjua mmoja aliyeondoka hivyo?

Anayepanda mlima huinua uzito wa mwili wake hatua kwa hatua, misuli ya mapaja hudai damu, na moyo hulazimika kuisukuma kwa wingi. Ukizoezwa hivyo kwa majuma kadhaa hupata nguvu ya kutoa damu nyingi zaidi kwa pigo moja, hata mapigo yake wakati wa mapumziko huwa machache, mishipa hulainika na tansio, yaani shinikizo la damu, hupungua. Shirika la Afya Duniani linanasihi walau dakika 150 za harakati za wastani kwa juma, nazo hapa kwetu zinatimia kwa asubuhi chache tu. Huko Vorarlberg, katika milima ya Austria, tabibu Heinz Drexel aliwaamuru watu wapande kwa miguu na kushuka kwa gari linaloning'inia juu ya waya, kisha baada ya miezi miwili akawageuzia mambo, akaona kwamba kupanda hupunguza mafuta ndani ya damu na kushuka huusaidia mwili kuitumia sukari. Sisi hatuna gari la waya: apandaye hana budi kushuka, naye hupata yote mawili.

Utaniuliza: mbona basi mama wa milimani naye huugua na kuzeeka mapema? Nami nitakujibu kwamba kinachomzeesha ni mzigo wa kichwani, ni njaa, ni malaria, ni uzazi usio na mapumziko. Mlima haukumtenda ubaya. Utaniambia tena kwamba ajali ni ajali, siku ikifika imefika. Lakini wewe usemaye hivyo humpeleka mtoto wako zahanatini homa inapompanda, wala husemi kwamba unashindana na kadari. Na kuhusu aibu, kila mtoto wa madrasa amefunzwa kwamba Mtume, kabla ya kupewa utume, alikuwa akikwea Jabal Nur mpaka pango la Hira, na kila aliyehiji anajua safari saba za Safa na Marwa, ambazo wazee wetu wengi huzikamilisha kwa taabu kubwa kwa sababu miaka yao yote ya nyumbani waliitumia kuketi.

Wenzetu wa Bujumbura walilifahamu hili zamani. Desturi yao ya kukimbia vilimani mwisho wa juma kwa makundi na nyimbo ina umri, na mwaka 2014 serikali ilipoyawekea makundi hayo mipaka, ilikuwa kwa ajili ya siasa na usalama, wala si kwa kuona kwamba kupanda kilima ni udhalili.

Simwambii mtu wa miaka hamsini, aliyekaa muda mrefu bila ya kutembea, atoke leo akimbilie juu kwa pupa, maana juhudi ya ghafla inaweza kuudhuru moyo usioizoea. Na apimwe tansio kwanza. Apande kabla ya jua kukaza, achukue maji, aende kwa mwendo unaomruhusu kusema na mwenzake pasi na kukatika maneno. Na akihisi kifua kinabana, au maumivu yakimshika begani au tayani, aketi, asaidiwe kushuka, amwendee tabibu siku ile ile.

Mvua zitarudi kiangazi kikiisha, na udongo wa Mirwa utaanza kuteleza. Kwa hiyo miezi ya kuanza ndiyo hii. Mimi nataka desturi yetu igeuzwe: pikipiki inayompeleka mwenye duka ibebe ndagala na chumvi za mama wa Vyanda, na mwenye duka, mikono mitupu, aupande mlima kwa miguu yake.