Kusikia Si Ruhusa

Mawimbi ya Wi-Fi hayajui mpaka wa kiwanja. Yanapenya ukuta, yanamfikia mpangaji wa chumba cha pili na mpita njia. Je, maneno ya mtu yakikufikia hivyo, una haki ya kuyafungua? Nasema huna, na haki ya mwenye maneno haitegemei uimara wa nywila yake. WEP, kinga ya Wi-Fi ya mwaka 1997, ilibainika kuwa dhaifu mwaka 2001 kupitia utafiti wa Fluhrer, Mantin na Shamir. Kinga ya baadaye, WPA2, iliaminiwa zaidi ya miaka kumi, hadi Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alipofichua mwaka 2017 kasoro katika namna simu na ruta zinavyokubaliana funguo. Hata pasipo kasoro hiyo, penye nywila moja ya wote, anayeijua akinasa makubaliano hayo simu ya mwenzake inapojiunga, anaweza kufumbua data yake. WPA3 ya mwaka 2018 iliziba tundu hilo, lakini ruta ya zamani haifaidiki nayo. Kama siri ingekuwa haki kwa sababu ya kufuli tu, haki hiyo ingekufa kila tundu jipya linapogunduliwa.

Uislamu umeliweka katazo mahali pengine. Aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat inakataza kupelelezana, wala haikushurutisha kwamba mlango uwe umefungwa. Na aya ya 27 ya Sura An-Nur inataka idhini na salamu kabla ya kuingia nyumba ya mwingine. Ndiyo maana hata penye mlango wazi mtu mwenye adabu hupiga hodi na kungoja aitikiwe.

Wapo wanaosema kwamba asiyeweka nywila ametangaza hadharani, kama redio. Google ilijitetea hivyo baada ya magari yake ya kupiga picha za mitaa kunasa barua pepe na nywila za watu kutoka mitandao isiyofungwa; mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaukataa utetezi huo. Mtangazaji wa redio anakusudia asikiwe na asiowajua. Mgonjwa anayemwandikia daktari wake hakusudii hivyo. Isitoshe, maneno ya Wi-Fi hayamwingii mtu sikioni kwa bahati: ni lazima awashe programu, anase, ahifadhi, kisha asome. Kila hatua ni uamuzi wake.

Wengine watasema maadili hayamzuii mwizi. Ni kweli, na kwa hiyo kufunga ni wajibu: mwenye ruta amebeba amana ya siri za watoto na wageni wake, basi asasishe ruta na kubadili nywila. Lakini kufuli humzuia asiye na ufunguo. Mwenye nyumba, jirani aliyepewa nywila na fundi aliyefunga mtandao wanao tayari. Hao huzuiwa na dhamiri. Kijana anayefundishwa kusoma data za mtandao afundishwe hilo katika darasa lilelile, kabla hajakabidhiwa programu.