Haki ya Mtoto Kabla ya Kutungwa Mimba

Twapenda kusema na ndugu zetu juu ya jambo tulilolishuhudia kwa macho.

Mwezi uliopita tulikwenda kumtazama ndugu yetu aliyezaliwa mtoto mwenye mgongo wazi. Tulitaraji kukuta subira na dua, tulikuta mashauri. Mmoja asema mama alipita makaburini wakati wa magharibi. Wa pili asema ni jicho. Wa tatu, naye ni mtu mzima asiyekosa jamaa, amshauri ndugu yetu amwache mke yule, kwani tumbo lake lina kitu. Mwanamke mwenyewe alikuwa chumba cha pili, akisikia yote.

Hatukuweza kunyamaza siku ile, wala hatuwezi leo.

Mtoto anapoumbwa tumboni, ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando mwembamba, ukajikunja hata kingo zake zikakutana na kuwa mfano wa mrija. Mrija huo hufunga kabla ya kutimia siku 28 tangu mimba kutungwa. Usipofunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi hufuatiwa na kichwa maji. Usipofunga juu, fuvu na ubongo haviumbiki sawasawa, na mtoto huyo haishi. Basi na tuhesabu: siku 28 zikitimia, mama ndiyo kwanza ashuku kwamba hedhi imechelewa. Aendapo kliniki mwezi wa nne, jambo limekwisha pita zamani.

Na kinga yake yajulikana. Mwaka 1991 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliofanywa katika nchi 7 kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye ila hii. Kwa wale waliopewa asidi ya foliki kabla ya mimba na katika miezi yake ya mwanzo, ila hiyo ilipungua kwa 72 kwa mia. Foliki ni vitamini iliyomo katika mboga za majani, kunde, mbaazi na machungwa. Madaktari humwusia kila mwanamke atarajiaye mimba ameze mikrogramu 400 kila siku, aanze angalau mwezi mmoja kabla. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hii hupewa zaidi, kwa amri ya daktari. Na mwenye kisukari, au atumiaye dawa za kifafa, amwone daktari mapema. Hatusemi kuwa kila ila hukingika hivi. Twasema nyingi hukingika.

Hapa atasimama mtu atwambie kuwa hii ni kadari. Ndiyo, ni kadari, na kidonge nacho ni kadari! Mtume (S.A.W.) alimwamrisha yule mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Mvuvi wetu hutazama upepo kabla ya kutweka tanga, na hakuna amwambiaye kuwa imani yake imepungua. Mbona ni kwa tumbo la mke tu ndipo tukumbukapo kadari?

Tena mzigo huu si wa mwanamke peke yake. Sura ya At-Talaq, aya ya 6, yamlazimu mume hata aliyekwisha mwacha mke mwenye mimba amgharimie mpaka ajifungue. Ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, je, aliyemo nyumbani mwako? Twawajua wanaume wenye pesa ya mirungi kila alasiri, na mke akiomba ya mboga huambiwa mwezi ni mrefu.

Ama jikoni, tuna neno dogo. Wengine huchemsha mchicha hata ukalegea kabisa, wakayamwaga maji, na foliki ikaenda na maji. Upikwe kidogo, katika tui lake. Mbaazi za nazi za asubuhi ni neema tuliyoizoea hata tukaidharau. Unga wa ngano na wa mahindi utokao viwandani, sheria ya Kenya yataka tangu mwaka 2012 utiwe foliki. Tunaosagisha wenyewe mtaani kwa kawaida hauna. Lakini chakula peke yake aghalabu hakifikishi kiwango, ndiyo sababu ya vidonge.

Nasi twatoa shauri. Bibi arusi huwekwa ndani, akasingwa, akapakwa hina, mama na mashangazi wakimzunguka. Kidonge na kianze siku hizo, kiwe katika matayarisho yake.

Ndugu yetu hakumwacha mkewe. Mtoto ameshonwa mgongo, na juzi wazazi wote wawili walikwenda kwa daktari, kuuliza habari ya mimba ijayo.