Adabu ya Mshindi

Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Hapo walimfunza aliyeshindwa adabu yake. Lakini adabu ya mshindi ni ipi? Akishatangulia mno hata hawezi kufikiwa tena, aendelee kupiga, au alegeze mkono kwa kumhurumia mwenzake?

Tutazame mchezo mmoja wa besiboli. Tarehe 22 Agosti 2007, Texas Rangers walikuwa wageni wa Baltimore Orioles, mjini Baltimore, Marekani. Wenyeji walitangulia kwa mikimbio 3 kwa 0. Mchezo ulipokwisha wageni walikuwa na 30, na wenyeji wamebaki na zile zile 3. Tangu mwaka 1897 hakuna timu ya ligi kuu iliyokuwa imefikisha 30 katika mchezo mmoja. Na hao Rangers hawakuwa miamba. Msimu huo walimaliza mkiani mwa kundi lao.

Katika kandanda, timu iliyokwisha kushinda yaweza kupigiana pasi taratibu mpaka filimbi ya mwisho. Besiboli haina saa. Ina awamu 9, na katika kila awamu timu hupiga mpaka wachezaji wake 3 watolewe. Mgeni hupiga kwanza. Mwenyeji anayeongoza mgeni anapomaliza awamu ya 9 hana haja ya kupiga tena, mchezo umekwisha. Mgeni hana nafuu hiyo. Rangers waliingia awamu ya mwisho wakiwa na 24 kwa 3, na sheria ikawataka wapige. Wakaongeza 6.

Basi wangefanyaje ili waitwe wenye huruma? Wangelazimika kuukosa mpira kwa makusudi. Nami nauliza: hiyo ni huruma, au ni dharau iliyovishwa kanzu? Mrushaji aliye mbele yako anafanya kazi yake kwa jasho. Ukimpa sadaka, umemwambia kwamba hayumo tena katika hesabu. Tena mpigaji naye ana lake. Jarrod Saltalamacchia, kijana wa miaka 22 aliyehamia timu hiyo majuma machache tu nyuma, siku hiyo mapigo yake yalileta mikimbio 7. Kwake kila pigo lilikuwa riziki.

Hata hivyo sisemi kwamba mshindi hana mpaka. Wachezaji wa besiboli wenyewe wana desturi isiyoandikwa: ukiwa mbele sana, usinyemelee kituo cha mbele kwa kumvizia mrushaji. Kupiga mpira uliorushiwa ni kazi yako. Kutafuta cha ziada kwa kuvizia ni ulafi. Hapo ndipo ulipo mpaka. Muuza duka ambaye biashara ya jirani yake inafifia halazimiki kufunga duka lake, ila asisimame mlangoni kumcheka.

Waona, msomaji, kwamba uovu haumo katika wingi wa mikimbio, umo katika kufurahia fedheha ya mwenzio. Siku ile ile timu hizo zilicheza mchezo wa pili. Orioles walirudi uwanjani, wakashindwa tena, lakini safari hii kwa 9 kwa 7. Aliyepigwa kama mshindani alirudi kama mshindani. Aliyehurumiwa angerudi kama nani?