Samaki Anayebeba Watoto Mdomoni

Mtoto wa Kirungu, juu ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, anamjua samaki kabla hajajua herufi. Akishuka na mama yake hadi Moba-Port anakuta ndagala zimeanikwa, mitumbwi inarudi na taa zake, wavuvi wanasema mwezi ukiwa mpevu hakuna haja ya kutoka usiku. Kisha anaingia darasani, na sayansi inageuka mistari ubaoni: samaki ana mapezi, samaki anapumua kwa matamvua. Ananakili, anakariri, anasahau. Jambo hili linaniuma. Amekuja shuleni na maswali yake mwenyewe, naye anapewa majibu ya maswali ambayo hakuuliza.

Naamini kitabu cha picha kingesaidia sana hapa, mradi kiwe cha ziwa letu na kisimdanganye mtoto.

Jioni moja niliketi na watoto wa jirani tukitazama picha ya ngege aliyefunua mdomo, vifaranga vimemzunguka. Mdogo wao akauwekea mdomo ule kidole. “Baba, huyu samaki inakula batoto yake?” Nikamwuliza anaona nini. Akainama tena. Vifaranga vingine vimeelekeza vichwa nje, vingine ndani, na hakuna kinachokimbia. “Hapana,” kaka yake akasema, “anabaficha.” “Anabaficha juu ya nini?” Wakaanza kubishana, kila mmoja akirudi kwenye picha kutafuta ushahidi wake. Mimi nilinyamaza, maana walichokuwa wakifanya ndiyo sayansi yenyewe.

Na kweli anawaficha. Ngege jike wa Tanganyika huyaokota mayai yake na kuyatunza mdomoni, na hata vifaranga vikianza kuogelea hurudi humo hatari inapotokea. Yuko pia gogogo mwenye madoa, ambaye huyapenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wa namna hiyo. Vifaranga vyake huanguliwa mapema, vikala vya mwenye nyumba humo humo mdomoni. Wako samaki wanaoishi kwa kung'oa magamba ya wenzao, mdomo wa mmoja umepinda kulia, wa mwingine kushoto. Mjapani Michio Hori aliandika juu yao mwaka 1993, na jarida la Science likalichapisha andiko lake. Haya yote yako katika ziwa hili lenye kina cha mita 1,470. Watafiti wanatoka mbali kuja kuwaangalia samaki wetu, na Uvira kuna kituo cha utafiti wa maji na viumbe vyake. Mtoto anayeishi juu ya maji hayo hana hata ukurasa mmoja unaomwonyesha hayo.

Kuhusu kudanganya nina msimamo mkali. Samaki hawa hawana kope, lakini wachoraji huwachora wamefumba macho, wamelala, wamevaa kofia. Mwaka 2014 Patricia Ganea wa Toronto na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo na vitabu vya wanyama. Waliosomewa vitabu vinavyowapa wanyama maneno na hisia za watu walielekea kuwaeleza wanyama halisi kwa namna hiyo hiyo. Hadithi ya sungura na fisi ina mahali pake, nami naipenda. Kitabu cha sayansi kina kazi nyingine.

Udanganyifu wa picha hauishii kwa samaki. Tazama kipindupindu, ugonjwa ambao Kalemie na pwani yetu yote wanaujua vizuri mno. Kuna mabango yanayomchora mdudu wake kama shetani mwenye meno. Mtoto anachungulia ndoo, haoni shetani, anakunywa. Ningependa ukurasa wenye kikombe cha maji meupe kabisa, na pembeni yake duara kubwa linaloonyesha tone moja lilivyo chini ya hadubini: vijidudu vilivyopinda, vyenye mkia mmoja. Hapo ataelewa kwamba maji yanaweza kuwa safi machoni na bado yakaua.

Kitabu cha namna hiyo kinawezekana. Sheria ya elimu ya nchi yetu ya 2014 inaruhusu lugha zetu za taifa katika madarasa ya mwanzo, kwa hiyo Kiswahili hakikosi ruhusa. Elimu ya msingi ilipotangazwa bure mwaka 2019 madarasa yalifurika, na kitabu kimoja kitashikwa na mwalimu mmoja mbele ya macho mengi. Basi picha ziwe kubwa, hata zikichorwa kwa rangi juu ya gunia lililonyooshwa. Wachoraji wa vibao vya maduka wanaiweza kazi hiyo. Sharti langu kwao ni moja. Samaki akifa rangi zake hufifia upesi, na atakayemnakili sokoni saa sita mchana atawapa watoto mnyama wa kijivu. Mchoraji awahi bandarini alfajiri, mitumbwi inapofika, na mvuvi amwachie samaki mmoja hai ndani ya beseni la maji.