Mwalimu Aliyekosea Mbele ya Darasa

Wengi waliopita shuleni wanaijua sentensi hii: "Nilikuwa nawapima tu, nione kama mko macho." Mwalimu amehamisha namba kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda upande wa pili na kusahau kubadilisha alama. Mwanafunzi mmoja amenyoosha kidole, darasa limechangamka, na mwalimu, akishautazama ubao kidogo, anageuka na tabasamu. Kumbe alikuwa anawapima. Uongo huu ni mdogo, na huenda ndiyo sababu haujadiliwi, lakini madhara yake si madogo hata kidogo. Mwanafunzi aliyeliona kosa alikuwa amefanya kazi halisi ya msomi: alifuata hatua moja baada ya nyingine, akashuku, akahakiki, akathubutu kusema mbele ya wenzake. Kwa sentensi moja mwalimu amemnyang'anya ugunduzi wake na kumgeuza kuwa mtu aliyenaswa na mtego wa mwingine. Wenzake, ambao kwa kawaida hawadanganyiki, wamefundishwa somo lisilokuwamo kwenye muhtasari, kwamba mkubwa akikosea, hutafutwa maelezo ya kumstiri. Mimi naona kwamba kosa likishaandikwa ubaoni na kunakiliwa kwenye madaftari ya darasa zima, halimhusu tena mwalimu peke yake. Ni la darasa, na darasa lina haki ya kuliona likisahihishwa palepale, kwa sauti ileile iliyolitamka, na kuonyeshwa lilipoanzia.

Anayepinga ataanza na mamlaka. Atasema mwalimu akikiri leo, kesho nani atamsikiliza? Swali hili lina uzito, kwa kuwa darasa lisilo na mamlaka halifundishiki. Ila tuulize kwanza mamlaka hayo yamejengwa juu ya nini. Kama yamejengwa juu ya kutokukosea, hakuna mwalimu duniani aliye nayo. Wapo tu ambao hawajagunduliwa. Jibu la hesabu ni sahihi kwa sababu hatua zake zinafuatana, na lingebaki sahihi hata kama lingetolewa na mtoto wa dawati la nyuma. Kinachomfanya mwalimu astahili kusikilizwa ni kwamba anazijua njia za kuhakikisha jambo, na kwamba yeye mwenyewe anazitii. Anapokataa kusahihishwa, anajitoa chini ya sheria anazowafundisha wengine, na hapo ndipo mamlaka yake yanapopata ufa wa kweli. Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zikuze akili ya kuuliza. Akili hiyo haiwezi kukua mahali ambapo swali linakubalika mradi tu lisimguse anayefundisha.

Jamii zetu hazijakosa mfano wa kiongozi anayesahihishwa bila kuvuliwa uongozi. Katika sala ya jamaa, imamu akisahau rakaa au akizidisha, walio nyuma yake hawanyamazi kwa kumwonea haya, wala hawampigii kelele. Fikihi imeweka utaratibu: wanaume hutamka "Subhanallah", wanawake hupiga kofi, na akikwama katika kisomo hukumbushwa aya. Imamu anayetambua kwamba amesahau hurekebisha, kisha husujudu sijda mbili za kusahau, na maamuma husujudu pamoja naye. Wanasujudu hata wale ambao hawakusahau chochote. Hakuna anayetoka kwenye safu, na yule aliyekosea ndiye anayeendelea kuongoza mpaka salamu. Utaratibu huu ulikwishajua kwamba kiongozi atakosea, ukaandaa maneno ya kumwambia kabla siku hiyo haijafika. Madarasa mengi hayana maneno hayo. Mwanafunzi aliyeona kosa hajui aanze vipi bila kuonekana mjuaji au mkosefu wa adabu, hivyo ananyamaza na kunakili. Mwalimu anaweza kumaliza tatizo hilo wiki ya kwanza ya muhula kwa kutangaza namna ya kumsimamisha, na kisha, jambo lililo gumu zaidi, kumshukuru kwa dhati atakayeitumia.

Hata hivyo tangazo halitoshi, na hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Bei ya kosa la mwalimu hupangwa na bei ya kosa la mwanafunzi. Darasa ambalo jibu lisilo sahihi huleta kicheko, matusi au kiboko limekwisha kuhukumu kwamba kukosea ni aibu inayostahili adhabu. Mwalimu aliyelijenga darasa hilo, siku akikosea yeye, anajikuta mbele ya hukumu yake mwenyewe, na kukimbilia "nilikuwa nawapima" kunaeleweka kabisa. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inaviruhusu kwa masharti. Mjadala wa viboko kwa kawaida huhusu mwili wa mtoto, na ni sawa uanzie hapo, lakini viboko humfunga na anayechapa. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alipochunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia kukuta makosa machache katika timu zenye uongozi mzuri. Alikuta timu hizo zikiripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba hazikuwa lazima zinakosea zaidi ya nyingine, ila watu wake walithubutu kusema. Ukimya wa timu nyingine haukuwa dalili ya usahihi. Nadhani ndivyo lilivyo darasa ambalo mwalimu wake hajasahihishwa hata mara moja mwaka mzima.

Kuhusu heshima, upo ushahidi unaonipendeza kwa sababu unakata pande zote mbili. Mwaka 1966 Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo kikuu kanda za watu waliojibu maswali magumu. Yule aliyeonyesha umahiri alipendwa zaidi alipojimwagia kahawa. Yule wa kiwango cha kawaida, kwa ajali hiyohiyo, kinyume chake, alipungua kupendwa. Kumwaga kahawa si kukosea kanuni ya fizikia, na kupendwa si kuaminiwa, kwa hiyo tusilibebeshe jaribio hili mzigo usio wake. Walakini linadokeza kwamba kukiri hakuwezi kuwa mbadala wa maandalizi. Mwalimu anayekosea kila kipindi kwa kutosoma na kila mara akaomba radhi kwa unyenyekevu hana cha kusifiwa. Anachodaiwa na wanafunzi ni usiku mmoja wa kuandaa somo. Wapo pia wanaogeuza kila kosa kuwa hotuba ndefu kuhusu udhaifu wa binadamu, mpaka wanafunzi wanaanza kumfariji mwalimu. Sekunde kumi zinatosha: hapa nimekosea, nilisahau alama, futeni, andikeni hivi.

Sekunde hizo kumi zinajibu pia hoja ya muda, inayotolewa kwa haki na walimu wenye wanafunzi themanini na mtihani wa taifa mlangoni. Ipo hofu nyingine, kwamba watoto watakumbuka kosa na kusahau sahihisho. Utafiti wa Butterfield na Metcalfe wa mwaka 2001 unaelekeza kwingine: watu waliokuwa na uhakika mkubwa na jibu lao lisilo sahihi ndio waliolirekebisha vizuri zaidi walipopewa lililo sahihi. Mshtuko ulisaidia. Kama mwanafunzi ameshika kosa kwa uhakika kwa sababu lilitoka kwa mwalimu, nafikiri mshtuko huo unaweza kumsaidia naye, mradi sahihisho litolewe wazi. Linalokaa vichwani ni kosa lililofutwa kimyakimya kwa kiganja.

Yote haya yanahusu makosa ya maarifa. Makosa ya hukumu ni jambo jingine: mwanafunzi aliyeitwa mwizi wa kalamu iliyokutwa baadaye mezani, aliyeshukiwa kuiba jibu alilolifikiria mwenyewe, aliyeadhibiwa kwa niaba ya jirani yake. Alama iliyokosewa hurekebishwa kwa kalamu nyekundu. Kiboko hakirudishwi, na jina lililochafuliwa mbele ya wenzake halisafishwi kwa mazungumzo ya faragha ofisini. Hapa mwalimu asijaribu kuligeuza kosa kuwa somo, kwa sababu aliyeumia hakujitolea kuwa kielelezo cha kufundishia. Anachodaiwa ni radhi, isiyo na "lakini" ndani yake, mbele ya macho yaleyale yaliyoshuhudia. Kama adhabu ilitolewa mstarini, radhi nayo itolewe mstarini. Na mtoto aachiwe uhuru wa kutosamehe siku hiyo.