Kuuliza Si Kushuku



Wachumba wanapofika parokiani kuandikisha ndoa huombwa cheti kipya cha ubatizo, kila mmoja huulizwa maswali peke yake, na majina yao hutangazwa kanisani Dominika tatu. Wengine hukasirika: "Kwani katekista haniamini?" Lakini Kanisa halimwiti mtu kapera kwa sababu tu amevaa vizuri na anaongea kwa upole. Kanuni ya 1066 yadai ihakikishwe kwanza kwamba hakuna kizuizi. Ikiwa Kanisa linauliza, mbona wewe mchumba uone haya?

Soma Yoshua sura ya 9. Wagibeoni walivaa viatu vilivyochakaa, wakabeba mkate wenye ukungu, wakajifanya watu wa mbali. Waisraeli waliutazama ule mkate, hawakumwuliza Mungu, wakaapa. Baada ya siku tatu walijua kwamba hao ni majirani, lakini kiapo kilikuwa kimekwisha kufungwa. Ndoa nayo ni kiapo. Ulizeni mapema.

Hata baada ya harusi maswali hayakomi. Mwaka 2006 na 2007 Wakenya wengi walitia pesa katika miradi ya upatu iliyoahidi faida kubwa upesi. Mingine ilienezwa na watu walioaminiwa makanisani, kwa hiyo wachache waliuliza faida yatoka wapi. Ilitoka mifukoni mwa walioingia nyuma yao. Hao walipokwisha, miradi ikaanguka. Fikiri juu ya nyumba ya hapa kwetu Kibugu: baba atoa bonasi ya majani chai na karo ya watoto, mama anyamaza kwa kudhani kwamba mke mwema haulizi. Je, unyamavu huo ni utii?

Bikira Maria alimwuliza malaika jambo hilo litakuwaje. Alijibiwa, naye akakubali. Zakaria pia aliuliza, akawa bubu kwa kuwa hakusadiki. Tofauti iko moyoni.

Basi, mama, usipekue mifuko wala usigombe mbele ya watoto. Wakiisha kulala, sema: "Baba Wawira, nisaidie nielewe." Nawe baba, usipige meza. Mwenzako hakushtaki, anataka kubeba mzigo pamoja nawe. Mjibu ukweli wote, hata kama pesa zimekwisha kwenda.

Mungu azibariki jamaa zenu.