HAYA NA MARADHI

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufunza kuwa haya ni tawi katika matawi ya imani, na hapana shaka nyumba iliyotoka haya ni nyumba iliyoezuliwa paa. Lakini kuna jambo jingine lililovaa kanzu ya haya nalo si haya. Jambo hilo ni kuogopa kuuliza na kuogopa kupimwa maradhi ya zinaa, mpaka kijana akaharibikiwa na mwili wake hali dawa ipo.

Natutazame wema waliotutangulia. Bibi Ummu Sulaym alimwendea Mtume, akatanguliza kusema kuwa Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki, kisha akauliza kama mwanamke naye hulazimika kukoga kwa ndoto aiotayo usiku. Sayyidna Ali alikuwa na swali juu ya madhii, akaona haya kwa sababu amemuoa Bibi Fatma, binti ya Mtume. Je, alinyamaza? La. Alimtuma Miqdad akamuulizia. Haya yake ilibaki, na elimu hakuikosa.

Ama maradhi haya, rafiki yao mkubwa ni kimya. Kaswende, ambayo wazee wetu waliita sekeneko, huanza kwa kidonda kisichouma. Kidonda hupoa chenyewe, na mtu akadhani amepona, kumbe ugonjwa umeingia ndani, na baada ya miaka huweza kuushika moyo na ubongo. Mama mja mzito mwenye nao huweza kuharibu mimba au kumzaa mtoto hali amekwisha kufa. Kisonono na klamidia mara nyingi havimwonyeshi mwanamke dalili yoyote, navyo huku vyaziba mirija ya uzazi. Kisha watu husema amerogwa. Na yote matatu hutibika kwa dawa za hospitali yakijulikana mapema. Virusi vya UKIMWI havijapata dawa ya kuviondoa, lakini anayemeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Basi ni nani atakayezipata neema hizi ila aliyepimwa?

Wako watakaosema: "Kumwambia kijana akapimwe ni kumdhania ubaya, na ikiwa ametenda, ni kumfedhehi." Hapa yamechanganywa mambo mawili. Dhambi ni baina ya mja na Mola wake. Ameamrishwa atubu na ajisitiri, wala hatakiwi aitangaze. Ugonjwa ni dhara, na dhara yapasa iondolewe. Toba haiui vijidudu vya kaswende, na sindano haifuti dhambi. Kila moja ina mahali pake. Tena si kila mgonjwa ni mzinifu. Yuko mke aliyetulia nyumbani akaletewa na mumewe, na yuko mtoto aliyezaliwa nao. Wala asiseme mtu kuwa tumeihalalisha zinaa. Zinaa ni haramu, jana na leo. Lakini aliyeanguka kisimani hutolewa kwanza, nasaha zikafuata.

Tuje kwenye ndoa. Mafakihi wetu wa Kishafi wametaja aibu zinazompa mume au mke haki ya kuivunja ndoa, na miongoni mwake ni wendawazimu na ukoma. Mtume alimkemea mfanyabiashara aliyeificha nafaka iliyorowa chini ya ile kavu. Ikiwa hiyo ni ghushi katika nafaka, itakuwaje kwa anayemficha bibi harusi maradhi yatakayoingia katika mwili wake na wa wanawe? Wala kupima si desturi ya kigeni tu: Saudia imewalazimu wachumba kupimwa maradhi ya damu tangu mwaka 2004, na mwaka 2008 ikaongeza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kwetu Kenya, sheria ya mwaka 2006 imekataza mtu kulazimishwa kupima UKIMWI kuwa sharti la ndoa. Basi sisi hatulazimishi, twausia: wachumba wakubaliane, wapimwe kabla ya akidi, na siri ibaki kwao. Na kwa kuwa kipimo cha UKIMWI huweza kukosa kuonyesha siku za mwanzo, mwenye kuhofia jambo la karibuni apime tena baada ya miezi mitatu.

Enyi wazazi, baba azungumze na mwanawe, na mama na bintiye. Ikiwa haya imewazidi, yuko mjomba, yuko shangazi, yuko somo. Kila nyumba iwe na Miqdad wake, mtu wa siri ambaye kijana atamwambia naye amfikishe kwa tabibu bila ya kumtangaza. Nanyi waume, wake zenu wajapo kliniki na mimba hupimwa. Msibaki nje ya mlango, ingieni nanyi mpimwe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu na zinaa, awasitiri waliotubu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.